Bibi Harusi wa Kuazima

Hertha Pagel alikuwa mpishi wa kantini ya kiwanda, na kama wapishi wengi wa kantini, alijua kupika kwa watu mia nne ila hakujua kupika kwa mtu mmoja. Kila Jumapili supu yake ya viazi ilimshinda kuimaliza. Ndipo akawa anapanda ngazi na bakuli lake kubwa la kaure la supu, ghorofa kwa ghorofa, anagonga milango kwa kiwiko: "Fungueni, mikono yangu imejaa!" Kwa njia hiyo alikuwa amewalisha watu wote wa nyumba ile ya Mtaa wa Weiden, Berlin, pamoja na wale waliokuwa hawasalimiani.

Zamani supu hiyo ilikuwa ya kuliwa na wawili. Lakini Jumamosi moja ya Agosti binti yake Roswitha alivuka barabara kwenda kucheza dansi na mchumba wake, Jochen Lüdicke, fundi bomba aliyekaa na mama yake nyumba ya pili kutoka kona, upande wa Neukölln, Berlin ya Magharibi. Alivaa viatu vya mama yake, vile vya kisigino, ingawa mama yake alikuwa amemkataza dansi hiyo. Dansi ikakolea, akalala kwa akina Lüdicke, na kulipokucha askari walikuwa katikati ya barabara wanatandaza seng'enge. Baada ya seng'enge yakaja matofali, baada ya matofali mnara wenye kurunzi. Roswitha akawa yuko Magharibi, mama yake Mashariki, na kati yao barabara ambayo zamani Hertha aliweza kuivuka na sahani ya keki mkononi bila krimu kutikisika.

"Wamarekani na Warusi wana ugomvi wao, wamalizane wenyewe," Hertha alipenda kusema. "Mimi nadai viatu vyangu tu."

Alisema hivyo jikoni, kwa sauti ya chini. Mtaa ule ulikuwa na masharti. Mlango wa mbele wa nyumba ulipigwa misumari, watu wakawa wanapitia uani. Mgeni haingii bila kibali. Kupunga mkono kuelekea ng'ambo, marufuku. Kuita, marufuku. Familia moja ya namba kumi na mbili ilipunga shuka siku ya kuzaliwa ya bibi yao aliyekuwa upande wa pili, na wiki hiyo hiyo lori lilikuja asubuhi likawabeba na kabati lao hadi kitongoji cha mbali, ambako ukitazama dirishani unaona viazi tu mpaka upeo wa macho. Hertha hakuogopa viazi. Aliogopa kupoteza dirisha. Dirisha la jiko lake, ghorofa ya tatu, lilikuwa juu kuliko ukuta, na kutoka pale aliuona mlango wa akina Lüdicke.

Kwa hiyo hakupunga. Kila asubuhi alitoa mto wake dirishani uote jua, kama afanyavyo kila mwanamke wa Berlin, na sheria haikuwa na neno juu ya mito. Na kila asubuhi Roswitha alitoka mlangoni akakung'uta kitambaa cha vumbi. Alikikung'uta mpaka mtu angedhani nyumba ya akina Lüdicke ni kiwanda cha saruji. Kisha kila mmoja akaenda kazini.

Mambo yalikwenda hivyo karibu miaka miwili, hadi dada yake Lisbeth alipokuja kumtembelea mwezi wa Aprili. Lisbeth aliishi Hannover, Ujerumani ya Magharibi, nusu siku kwa treni, na kwa kuwa alitoka mbali kiasi hicho, alipewa kibali cha kutwa bila tabu. Angekuwa anaishi ng'ambo ya barabara asingepewa. Hertha alikuwa ameshaacha kuuliza maana ya jambo hilo.

Lisbeth aliweka mezani nusu ratili ya kahawa, akavua kofia.

"Rosi wako anaolewa," alisema.

Hertha akakaa. Kisha akasimama. Kisha akachota kahawa mara mbili ya kiasi chake.

"Lini?"

"Jumamosi ya mwisho ya Mei. Na Ijumaa jioni wanavunja, pale pale mlangoni kwa akina Lüdicke, saa moja. Mama mkwe ameshakusanya vikombe vibovu vya mtaa mzima."

Kuvunja vyombo mkesha wa harusi si jambo la mzaha Berlin. Watu huja mlangoni kwa bibi harusi na sahani zilizomeguka, bakuli zisizo na vifuniko, vyungu vya maua, na kuvipiga chini kwa nguvu zao zote. Kelele hufukuza mabaya. Glasi haivunjwi, maana glasi inakata bahati. Ni kaure na udongo tu. Kisha bwana na bibi harusi hufagia pamoja mbele ya watu, na watu huangalia kwa makini nani anashika fagio na nani anashika beleshi, kwa sababu hapo ndipo inapojulikana nyumba hiyo itaendeshwaje. Na katika ukoo wa akina Pagel, mama wa bibi harusi lazima avunje. Mama yake Hertha alivunja bakuli kubwa la supu lenye maua ya waridi, likiwa bado zima halina hata ufa, na jambo hilo lilizungumzwa mpaka vita vilipoanza.

"Nitavunja na mimi," alisema Hertha.

"Utavunjia wapi? Jikoni?"

"Uani. Upande wa pengo."

Jumba la jirani liliangushwa na bomu zamani za vita, na mahali pake palibaki wazi kama jino lililong'oka. Ua wa Hertha ulipakana na pengo hilo. Baada ya pengo kulikuwa na uzio, njia ya askari wa doria, ukuta, halafu mlango wa akina Lüdicke. Ukikohoa pale uani, mbwa wa Neukölln anainua sikio.

"Hertha, una wazimu," alisema Lisbeth. "Utatupa sahani moja tu, na kabla hujatupa ya pili lori liko mlangoni. Utakwenda kuishi na viazi."

Hertha alikunywa kahawa yake polepole. Mwanamke anayevunja vyombo bila sababu uani, mita chache kutoka mpakani, huyo ni mchokozi. Lakini nyumba nzima ikivunja vyombo kwa sababu kuna harusi, hiyo ni mila. Askari gani atakataza harusi? Kilichokosekana ni kitu kimoja tu.

"Nahitaji bibi harusi," alisema. "Wa huku."

Jioni ile ile alipanda ghorofa ya nne na kahawa iliyobaki.

Ottilie Schramm alikuwa kondakta mstaafu wa tramu, mjane, mwanamke wa miaka sitini na miwili aliyekuwa na sauti ya kuita vituo hata alipokuwa anaomba chumvi. Kila Jumapili mchana Bruno Kottke, mbeba makaa wa ghorofa ya kwanza, alikuja kula kwake akiwa amejisugua shingo mpaka imekuwa nyekundu. Kila mwaka mpya Bruno alimchumbia, na kila mwaka mpya Ottilie alimjibu: "Kula samaki wako, Bruno."

"Otti," alisema Hertha, "unamwonaje Bruno?"

"Namwona Jumapili."

"Sikuulizi lini. Nakuuliza unamwonaje."

Ottilie akanusa kahawa. "Hii ni ya Hannover. Unataka nini?"

Hertha akamweleza yote, tangu saa moja ya Ijumaa hadi pengo la uani. Ottilie alisikiliza bila kukatiza, jambo ambalo halijawahi kutokea.

"Ngoja nielewe," alisema mwishoni. "Unataka mimi niolewe, ili wewe upate kuvunja sahani?"

"Ndiyo."

"Na Bruno?"

"Yuko mwingine?"

"Mume wangu, Mungu amrehemu, alikoroma miaka ishirini na sita. Hapa nilipo, shoga yangu, niko likizo."

"Bruno hakoromi. Mimi chumba changu kiko ghorofa mbili tu juu yake, ningesikia."

Hilo lilikuwa jambo jipya kwa Ottilie. Aliinuka, akafungua mlango, akainama juu ya ngazi na kuita kama anayetangaza kituo cha mwisho: "Bruno Kottke! Panda huku!"

Bruno akapanda, mikono bado na vumbi la makaa, kofia kifuani.

"Ile habari yako ya mwaka mpya," alisema Ottilie, "bado ipo?"

Mzee Bruno akamtazama, akamtazama Hertha, akatazama kahawa. "Ipo," alisema. "Lakini leo ni Aprili."

"Basi iseme kwa Aprili."

Aliisema. Alianza vizuri, akakwama katikati, na Hertha akawa anamsaidia maneno. Ottilie akamwambia ndiyo, ila aendelee kulala na makaa yake ghorofa ya kwanza mpaka harusi ipite. Bruno alishuka ngazi taratibu sana, kisha wakamsikia huko chini akipiga ukelele mmoja, kama mtu aliyeangukiwa na gunia.

"Maskini, atanichosha," alisema Ottilie, na uso wake ulikuwa umepata rangi.

Ofisi ya ndoa iliwaambia mwezi wa Mei umejaa. Nyuma ya meza alikuwa msichana mwenye miwani, mpole, aliyewashauri wasubiri Juni.

"Mwanangu," Ottilie alimwambia, "angalia tena mwaka wangu wa kuzaliwa. Ukinisubirisha mpaka Juni, cheti utakachoniandikia kitakuwa cha aina nyingine."

Walipewa Jumamosi ya mwisho ya Mei, saa nne asubuhi.

Akabaki Bwana Zabel. Huyu alikaa ghorofa ya chini, na ndiye aliyewekwa na mamlaka kuangalia nani anaingia nyumbani na nani anatoka. Alikuwa mtu mwembamba, mwalimu wa zamani wa hesabu, anayefuta miguu kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Kila mtu alimwogopa kidogo, na kila mtu alijua kwamba supu ya Hertha huipokea kwa mikono miwili.

"Kelele mpakani, Bi Pagel," alisema, akikunja paji la uso. "Hilo ni jambo zito."

"Si kelele zangu, Bwana Zabel. Ni harusi ya Bi Schramm. Wageni wote ni watu wa humu humu ndani, hakuna hata mmoja wa kuombewa kibali."

"Na kwa nini Ijumaa hiyo hasa?"

Hertha alimtazama usoni. Zabel alikuwa na dirisha kama yeye, ghorofa tatu chini, na ingawa ukuta ulimziba, hakuwa mtu wa kukosa kujua. Alimjua Hertha tangu alipokuwa akipanda na kushuka ngazi na Roswitha mdogo wa kushikwa mkono. Na msichana mwenyewe, ni Zabel aliyemfundisha shuleni kugawanya kwa mafungu.

"Kwa sababu Jumamosi ndiyo waliyopewa," alisema Hertha.

Zabel akafuta miwani yake muda mrefu. "Nitauliza kwa askari wa mtaa," alisema. "Nitasema ni mila ya wafanyakazi."

Kwa wiki nne nyumba ile ilikusanya vyombo kama mchwa. Hertha alileta kutoka kantini sahani zilizomeguka ambazo zilikuwa zitupwe hata hivyo. Mwanamke wa ghorofa ya pili, aliyekuwa hasemi na Ottilie kwa ajili ya ugomvi wa kamba ya nguo, alileta bakuli sita za wakati wa vita, kila moja ikiwa imegundishwa mara tatu, akazikabidhi bila neno, halafu akarudi kuuliza kama atakaribishwa. Bruno alisema ana kitu chake mwenyewe na hatakionyesha kabla ya siku.

Ijumaa ikafika, anga safi, jua lingali juu ya mapaa ya Neukölln. Uani waliweka meza mbili, wakaweka saladi ya viazi, katlesi za nyama, matango ya siki, na mtungi wa mvinyo wa Mei, ule wa kutiwa majani ya mwituni, ulioviziwa na nyuki. Ottilie alivaa kofia ya bluu yenye kipande cha wavu. Bruno alikuwa ameoshwa na mtu mwingine, ilionekana, kwa kuwa hata nyuma ya masikio alikuwa mweupe.

Saa moja ikagonga kanisani, na ng'ambo ikasikika sahani ya kwanza.

Ilikuwa mbali kidogo, nyembamba, kama mtu anayevunja yai. Kisha ya pili, ya tatu, na vicheko. Hertha alisimama na sahani ya kantini mkononi, na mkono haukuinuka.

"Tupa, Hertha!" alisema Ottilie.

"Tupeni nyinyi kwanza. Mimi nitatupa."

Wakatupa. Mwanamke wa ghorofa ya pili alizipiga bakuli zake chini kama anayemaliza kesi ya kamba ya nguo mbele ya jaji. Watu walicheka, wakapiga makofi, vigae vikaruka mpaka kwenye saladi. Na kule ng'ambo wakawa wanajibu bila kujua kwamba wanajibu: huku bakuli, kule kikombe, kule chungu cha maua, huku birika. Hertha alikuwa akisikia pande zote mbili kwa wakati mmoja, na bado sahani yake iko mkononi. Aliwaza lori. Aliwaza viazi. Aliwaza kwamba Rosi huko haelewi kitu. Anasikia zogo tu la Wamashariki, pengo tu linaloleta kelele.

Ndipo Bruno alipotoka ghala la chini na kitu chake, amekikumbatia kifuani, kimefunikwa gunia. Akalivua gunia. Lilikuwa bakuli la choo, kaure nzito ya zamani za mfalme, lenye maua ya bluu ndani.

"Bruno!" alisema Ottilie. "Umelitoa wapi?"

"Kwenye kifusi. Nimekuwekea tangu mwaka arobaini na tisa," alisema Bruno. "Nilijua siku yake itafika."

Akapanda juu ya sanduku la makaa, akaliinua kichwani, akaliachia.

Lilipasuka kwa mshindo uliozima kila kitu. Madirisha yalitetemeka. Njiwa wa mtaa mzima wakaruka. Ng'ambo wakanyamaza. Na papo hapo, kwenye njia ya doria, filimbi ikalia, na buti zikaja mbio.

Askari wawili wakasimama kwenye uzio wa pengo, sajini na kijana mmoja, bunduki mbele.

"Nani amefyatua?" sajini aliuliza. Kwa lafudhi tu ikajulikana kuwa ni Msaksoni, mtu wa Saksoni huko kusini. Askari wa mpakani wote walikuwa wa kutoka mbali, wasiwe na binamu wa kumwachia apite, na Waberlin hawakuisha kuwacheka Wasaksoni, watu wanaopika kahawa nyepesi hata ukaliona ua lililochorwa chini ya kikombe.

Hakuna aliyecheka sasa.

"Ni choo, komredi sajini," alisema Bruno kutoka juu ya sanduku.

"Choo gani?"

"Sasa hivi hakuna tena. Lakini kilikuwepo."

Ottilie akasogea mbele na kofia yake. "Ni mkesha wa harusi, mwanangu. Kwani kwenu Saksoni hamvunji?"

"Tunavunja," alisema sajini, kama mtu aliyeguswa heshima. "Bibi harusi yuko wapi?"

"Unazungumza naye."

Sajini akamtazama kuanzia kofia hadi viatu. Kijana mwenzake akageukia upande mwingine, mabega yakimtetemeka. Bwana Zabel akaja amesimama wima, akathibitisha kwamba bwana na bibi wameandikishwa, kesho saa nne asubuhi, na kwamba askari wa mtaa ana habari. Sajini akashusha bunduki. Alikuwa ameshaanza kugeuka, na Hertha ameshaanza kuvuta pumzi, aliposimama tena.

Ng'ambo ya ukuta, mtu alikuwa amevunja sahani.

"Na kule," sajini alisema polepole, "nani anaolewa kule?"

Hakuna aliyemtazama Hertha, wote kwa pamoja, kwa bidii, na hilo lilikuwa baya kuliko kama wangemtazama. Sahani ya kantini ilikuwa bado mkononi mwake. Aliliona dirisha lake kule juu, mto bado uko nje, akalitazama kama mtu anavyoitazama treni ikiondoka.

Bwana Zabel akakohoa.

"Kule, komredi sajini," alisema kwa sauti yake ya darasani, "sisi huwa hatuangalii kule. Imekatazwa."

Sajini alimkazia macho. Zabel naye akamkazia, uso mkavu kama ubao. Kisha kitu kilianza kucheza pembeni mwa mdomo wa sajini, akakizuia, kikamshinda.

"Sawasawa," alisema. "Ni vizuri kujua kwamba kanuni inafuatwa. Mpaka saa nne za usiku, halafu kimya." Akaitazama meza. "Na yule mama pale mbona hajavunja? Kwetu, mgeni asiyevunja tunamwita bahili."

Watu wakageuka. Hertha Pagel, mpishi wa kantini, hakusubiri kuambiwa mara ya pili. Aliizungusha sahani ile kwa mkono wake wa kubeba masufuria, akaipiga chini ikawa unga. Akachukua nyingine. Akachukua bakuli. Akachukua, kabla mtu hajamzuia, bakuli lake mwenyewe la supu ya Jumapili, lile la kupandia ngazi na kugonga milango kwa kiwiko, zima lisilo na ufa, akalipiga chini na kupiga kigelegele ambacho hakikuwa cha Kijerumani wala cha lugha yoyote.

"Wee Hertha!" alisema Ottilie. "Hilo lilikuwa zima!"

"Najua!"

Vyombo vikaisha. Bruno akaleta fagio na beleshi, na watu wakafanya duara kuona nani atashika nini. Ottilie akachukua fagio kabla Bruno hajafikiri, wakapiga makofi. Akaanza kufagia. Na kule ng'ambo, katika utulivu ule, Hertha akasikia fagio jingine juu ya mawe ya barabara: mikwaruzo mifupi, ya haraka haraka, yenye hasira, ya mtu aliyekuwa akifagia hivyo tangu ana miaka sita na kutawanya vumbi pande zote nne. Damu ilimpanda. Alisahau askari, alisahau uzio.

"Sivyo hivyo!" alipiga kelele. "Anzia pembeni! Mkwaruzo mrefu!"

Ottilie akaacha kufagia. "Unaniambia mimi? Nimefagia tramu miaka thelathini!"

Hertha akamtazama shoga yake, fagio mkononi, kofia imekwenda upande. Bibi harusi. Bibi harusi halali, aliyeandikishwa, aliyesimama mbele yake. Nani atamkataza mama mtu mzima kumpa wosia bibi harusi?

Akapanda juu ya sanduku la makaa.

"Nakuambia wewe, bibi harusi!" alisema, na sauti yake iliyozoea kuita watu mia nne mezani ikapita pengo, ikapita uzio, ikapita ukuta. "Fagia kwa mkwaruzo mrefu! Usimkubalie mumeo akuambie soksi zake ni nzima, zikague mwenyewe! Akinuna mwache anune mpaka supu iive, halafu mwite mara moja tu!"

Bruno akatazama soksi zake.

"Na ukiwa na siku mbaya," Hertha aliendelea, "usiifiche, ipige chini kama hivi! Mimi nilikuwa mbaya kwako nilipokukataza kwenda kucheza dansi. Dansi ni nzuri! Nenda!"

"Lini umenikataza dansi?" alinong'ona Ottilie. Kisha akaelewa, akainua uso chini ya wavu wa kofia kama mtu anayepigwa picha.

Sajini, bado yuko kwenye uzio, akamgeukia Zabel. "Huyu mama ana wosia mrefu kwa bibi harusi wa umri huo."

"Bibi harusi mwenyewe ni mgumu wa kuelewa, komredi sajini," alisema Zabel. "Nimemfundisha, najua."

Kule ng'ambo fagio lilikuwa limesimama. Hapakuwa na kicheko, wala sahani, wala neno. Hertha juu ya sanduku akategea sikio. Labda amesema sana. Labda upepo umegeuka.

Halafu ikaja sauti ya mwanamke kijana, imepasuka kidogo kwa kilio au kwa kicheko, haikutaja jina la mtu:

"Nimesikia!"

Na fagio likaanza tena. Mkwaruzo mrefu. Kutoka pembeni.

"Nani huyo amesikia?" alifoka Ottilie, akipangusa macho kwa kipande cha wavu. "Bibi harusi ni mimi!" Uani wote ukaangua kicheko, na kule nyuma ya ukuta wakacheka pia, wasijue ni kwa nini, au wakijua.

Jua lilikuwa bado halijagusa mapaa. Saa nne ilikuwa mbali, na Hertha alikuwa na maneno ya karibu miaka miwili. Akajiweka vizuri juu ya sanduku, akapokea bilauri ya mvinyo kutoka kwa mwanamke wa kamba ya nguo, akanywa nusu, akakohoa kusafisha koo.

"Na sasa, bibi harusi," alisema, "tuje kwenye habari ya mama mkwe."